Jiwe la Damaris na Tajiri wa Suneka

Jumatatu, 10 Machi

Hatuna paa! Upepo wa jana alasiri umebeba mabati yote ya jikoni na nusu ya chumba cha kulala, ukayatupa kwenye shamba la chai la jirani yangu Obwocha. Mengine yamejikunja kama chapati. Nilipoenda kuyachukua, Obwocha alisema yalikuja yenyewe kama wageni na hayakupiga hata hodi. Mzee wa kanisa mzima, anacheka msiba! Nikamwambia mimi Manasseh Ondieki siezeki tena mabati. Naweka vigae. Akauliza, vigae vya nani?

Damaris, mke wangu, amefunika kitanda kwa turubai la kanisa. Anasema mvua kubwa iko njiani, hatuna hata wiki mbili. Nilimkumbusha kwamba niliwahi kuezeka nyumba ya chifu peke yangu huku mvua ikinyesha, na tone halikugusa sakafu. Akauliza misumari iko wapi. Mwanamke huyu haheshimu historia.

Saa kumi Kwamboka akapiga simu. Ni binti wa marehemu kaka yangu, anafanya kazi Nairobi kwenye duka la picha. Si picha za pasipoti. Za kuchora, za kutundika ukutani. Akanipa pole ya paa, halafu akaniambia jambo lililonikalisha chini kwenye tope nikiwa na suruali safi. Wakili mmoja tajiri, Nehemiah Masese, mtu wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Suneka, amenunua picha ya sufuria. Sufuria chafu! Yenye ukoko! Kwa milioni mbili na laki nne!

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kwa Kigusii. Haikupungua.

Na ni mwaka huu! Mwaka ambao bonasi ya chai imekuja, ikachungulia, ikarudi ilikotoka. Mwaka ambao Damaris anakata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vinane, na kimoja lazima kifike Sabato. Halafu mtu aliyelelewa kwa viazi vitamu kama mimi ananunua ukoko usiolika!

Jumanne, 11 Machi

Nimepata wazo, na ni kubwa. Kama picha ya sufuria ni milioni mbili, sufuria yenyewe je? Mimi niliacha shule darasa la saba kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza ya kunifundisha, lakini hesabu hiyo hata mtoto anaiweza.

Niliingia jikoni. Kawaida siingii, jikoni ni kwa Damaris, lakini jikoni lisilo na paa ni uwanja tu. Nikaipiga picha sufuria ya ugali wa jana, pande zote, hata makalio. Nikamtumia Kwamboka. Nikasema wakili nitamwachia kwa milioni moja, na kifuniko ni bure.

Kwamboka alicheka mpaka mkubwa wake akaja kuuliza kuna nini. Halafu ghafla akauliza, Anko, hicho kilicho nyuma ya sufuria ni nini? Nikasema ni jiwe tu, la mama mkwe. Akataka picha ya jiwe peke yake. Nikamuuliza, na sufuria? Akasema, Anko, tafadhali, ondoa sufuria.

Nimeumia kidogo kwa niaba ya sufuria.

Jumatano, 12 Machi

Jiwe! Wakili ameliona kwenye simu na amempigia Kwamboka mara tatu kabla ya saa nne asubuhi! Jumapili anakuja hapa Nyansiongo mwenyewe, akitoka kumwona mama yake Suneka. Bei itazungumzwa. Kwamboka anasema nisikae nikiota, lakini itaezeka nyumba hii na zizi la ng'ombe pia.

Niandike kuhusu jiwe lenyewe. Baba mkwe wangu alikuwa mchongaji huko Tabaka, kunakochimbwa mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga. Damaris akiwa msichana, mama yake alifariki. Mzee akatafuta jiwe kubwa akamchonga mkewe, ameinama, ana mzigo wa kuni mgongoni. Halikung'arishwa. Limejaa alama za patasi kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Damaris alikuja nalo alipoolewa. Hukaa nyuma ya mafiga, limeelekea ukuta, maana ile heshima ya wakwe tunayoita chinsoni hairuhusu mimi na mama mkwe kutazamana ovyo. Miaka ishirini na sita tumeheshimiana vizuri sana, mimi na lile jiwe.

Damaris amekataa kuuza. Alisema mambo mengi. Kwamba baba yake alimkataza kila mtu kulipiga msasa. Kwamba kila alama ni siku moja ya kilio chake, na yeye mwenyewe akiwa mdogo alikuwa akizihesabu kwa kidole. Sikusikia yote, nilikuwa kwenye ghorofa ya pili nikipanga madirisha.

Saa nane yakashuka manyunyu. Turubai likaanza kujaa maji katikati, likashuka kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Damaris alilitazama muda mrefu. Akasema sawa. Atauza. Lakini ataongea na mnunuzi yeye mwenyewe, na mimi nisiliguse. Baba Lewis, akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, hata kidole.

Niliapa. Kwa mkono wa kushoto, lakini niliapa.

Alhamisi, 13 Machi

Nilienda kwa Obwocha kumwarifu kwamba nakuwa milionea, ili ajiandae moyo. Uji wake usio na sukari ulimwagika! Nilifurahi sana. Halafu akaomba kuona jiwe. Nikamwonyesha kwenye simu.

Akasema, Ondieki, mtu atoe gari Nairobi aje kununua kiazi?

Anadai aliuza vinyago Kisii mjini kabla hajaokoka, na hajawahi kuona mgeni akinunua jiwe ambalo halijang'arishwa. Hata kiboko hung'arishwa, na kiboko hana sura ya kupoteza. Alisema wakili atalitazama, atakohoa, ataomba maji ya kunywa, ataaga.

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Obwocha ni adui, lakini hapo amesema kweli. Tabaka nzima wanapiga msasa, wanapaka rangi, wanapaka nta! Mimi mwenyewe wakati wa kuchumbia nilikaa huko siku tatu nikiwafundisha. Kinyago kimoja cha kifaru nilichong'arisha kilifika hadi ikulu ya nchi moja ya baridi, na malkia alikuwa akijitazama ubavuni mwake akichana nywele.

Na fundi wa namna hiyo ndiye anayeambiwa asiguse!

Ijumaa, 14 Machi

Damaris aliondoka saa mbili kwenda sokoni kutafuta kuku wa mgeni, halafu mazoezi ya kwaya. Nikaanza saa mbili na dakika tano.

Vifaa: karatasi sita za msasa, beseni, rangi nyekundu, rangi nyeupe, rangi ya viatu ya kahawia. Nilifumba macho, nikaomba radhi, nikambeba mama mkwe, nikamtia kwenye maji. Nikafumbua. Mara yetu ya kwanza kutazamana uso kwa uso! Ana sura ya mtu aliyechoka.

Mgongo ndio uliosumbua. Mikwaruzo mingi ajabu. Nilisugua mpaka mabega yakawaka moto, lakini ilitoka yote, mmoja mmoja. Sasa ni laini kama yai! Kisha uso. Ulikuwa na huzuni, na katika uchumi huu nani ananunua huzuni? Anayo bure nyumbani. Nikamwekea tabasamu kwa msumari. Kuni nikazipaka mistari ya pundamilia. Chini nikaandika KARIBU KENYA, nafasi ikaisha, A ikabidi izunguke nyuma.

Jua lilikuwa linashuka na Sabato inaingia. Mimi sifanyi kazi Sabato, nina msimamo. Nikamalizia haraka na rangi ya viatu. Aling'aa kama kiatu cha shemasi! Maji ya beseni, meupe kama maziwa, nikayamwagia kabichi. Nikamfunika leso, nikamrudisha palepale.

Damaris aliporudi aliuliza harufu ni ya nini. Nikasema nimepiga viatu rangi. Akauliza leso ni ya nini. Nikasema vumbi, mgeni asije akakuta vumbi. Akanitazama. Akasema, asante kwa kufikiria, Baba Lewis.

Sikumbuki mara ya mwisho kuambiwa hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Kanisani Damaris alisimama kutoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu kwa mikono ya marehemu baba yake, ambayo imelala kaburini na bado inatafuta kuezeka nyumba ya binti yake. Akina mama wengi walifuta macho. Nilisema Amina mara tatu, ya mwisho peke yangu.

Sikuwaza biashara, ni Sabato. Niliwaza tu rangi ya vigae.

Jumapili, 16 Machi

Ole wangu!

Wakili alifika saa tano, gari refu kama darasa. Likashindwa na kilima chetu, akapanda kwa miguu na viatu vyeupe. Si mtu wa maringo. Alimwamkua Damaris kwa Kigusii, akamwita Mama, akamuuliza baba yake alijifunza kuchonga kwa nani. Damaris alimjibu kila kitu, amesimama wima, na gauni lake la kwaya. Sijamwona hivyo tangu harusi. Wakaendelea kuongea. Wakaongea! Mimi nikashindwa kuvumilia. Nikaleta jiwe, nikaliweka juu ya meza, nikavuta leso kama wakubwa wanavyozindua zahanati.

Wakili aliketi juu ya ndoo. Akauliza jiwe liko wapi. Nikasema ndilo hili, nimeliongezea thamani. Akasema, Mzee, nani amefanya hivi? Nilidhani anataka kuniagizia kazi. Nikasema ni mikono hii hii, na twiga pia naweza. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena. Alisema amenunua vitu katika nchi tano na hajawahi kuona mgongo wa mwanamke ukiongea kama ule wa kwenye simu. Nikamwambia mgongo ni ule ule, umeoga tu.

Obwocha alikuwa anachungulia juu ya ua. Akapiga ukelele: Ondieki, umemwogesha mama mkwe?! Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema aibu hiyo hata mbuzi watatu wa kutakasa hawaioshi. Eti yeye! Yeye si ndiye aliyesema kiazi?

Damaris aliweka kiganja mgongoni mwa jiwe, akakipitisha polepole, juu, chini, juu, kama anayetafuta kitu gizani. Halafu akaniuliza maji nilimwaga wapi. Nikamwonyesha. Akaenda akasimama katikati ya kabichi, na viatu vyake vya kanisani, hakugeuka.

Nilimwambia wakili kuku anapoa. Hakula.

Jumanne, 18 Machi

Jana Damaris alikwenda na wakili hadi kwao Tabaka. Sikualikwa. Huko kwa ndugu yake Mose lilibaki jiwe moja tu la mzee: mzee mwenyewe, ameketi, amejichonga kabla hajafa. Mose alikuwa ameshasema ni la Damaris.

Leo amerudi na pikapu. Mabati ya kijani! Misumari! Mafundi wawili! Jiwe hakurudi nalo. Bei hajaniambia, na amemwambia Obwocha asiniambie, kwa hiyo Obwocha anajua na mimi sijui, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Borabu yetu hii. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia asilie, mabati ni geji nzito.

Haongei nami. Akitaka kitu anamwambia ndama nikiwa hapo. Ndama, mwambie mtu atoke kwenye ngazi ya mafundi. Ndama, mwambie mtu chakula kipo.

Mama mkwe sasa amefungwa shuka na amelazwa kitandani, upande wangu. Kwa heshima ya chinsoni siwezi hata kuingia chumba hicho. Niko kwenye kochi. Kochi ni fupi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ilinyesha jana kutwa na hakuna tone lililoingia. Nimewaambia majirani wote nani aliyemleta wakili hapa.

Asubuhi hii nimempigia Kwamboka. Mwanzo alikataa hata kunisalimia. Nikambembeleza. Nikasema mimi ni anko wake, nimeumia, anieleze basi kosa langu lilikuwa wapi, nijifunze. Akavuta pumzi. Akanieleza polepole kama mwalimu wa chekechea. Anko, akasema, thamani yote ilikuwa kwenye zile alama za patasi. Wewe umezitoa.

Nimeshtuka mpaka simu ikaanguka! Alama! Milioni zote zilikuwa kwenye mikwaruzo, na hakuna mtu hata mmoja katika nyumba hii aliyewahi kuniambia!

Basi hakuna kilichoharibika. Ilikuwa mikwaruzo tu, na mimi mikono ninayo. Nimeazima patasi kwa Obwocha, nikasema ni ya mlango. Nitarudisha zile za mzee zote, na kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, nitaongeza mara mbili, wakili aongeze bei. Damaris atacheka. Atanirudisha kitandani. Tabasamu nitaliacha kama lilivyo.

Sasa ni saa tatu kasoro, na Damaris anachuma chai hadi saa saba. Nimeingia chumbani nimefumba macho, kwa heshima. Nimemfungua mama mkwe shuka. Nimempiga moja ya kujaribu, katikati ya mgongo.

Imeingia vizuri sana!