Babu Lugome na Makaa ya Mawe

Jumatatu, 9 Juni

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya ukoo wote wa Lugome, walio hai na waliotangulia, napenda kutangaza kwamba leo asubuhi nimenyoa ndevu. Pande zote mbili. Zimelingana. Karibu zilingane.

Sababu: Yoramu karudi kutoka Mikumi. Yoramu ni mshenga wangu. Mfugaji, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na mtu pekee hapa Kilosa aliyekubali kwenda kuniombea mke bila kucheka kwanza.

Mzee Kornelio, baba yake Editha, hakukataa. Hakukubali pia. Yoramu alipoona maongezi yanapoa akatoa silaha yetu kubwa: babu yangu mimi Paulo, Mzee Lugome wa kijiji cha Ulaya, hapa hapa Kilosa, alichimba makaa ya mawe Rodeshia enzi za mkoloni. Mzee Kornelio naye kachimba makaa ya mawe huko kusini mpaka akastaafu. Yoramu anasema mzee aliacha kutafuna. Akaomba atajiwe jina tena. Kisha akasema tumletee karatasi, yoyote ya zamani, yenye jina la huyo Lugome na kazi yake. Mwisho Jumamosi tarehe 21. Siku hiyo atampa jibu na Onesphory, ambaye naye anamposa Editha.

Onesphory anaendesha trekta la miwa Ruhembe. Ni mrefu. Anaimba kwaya. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nimemuuliza Yoramu mzee anataka karatasi ya nini. Hakuuliza. Mshenga gani haulizi? Lakini mimi nimeshaelewa. Mtu wa makaa anatafuta mkwe mwenye damu ya makaa.

Nina miaka thelathini na tisa. Nimeshakataliwa Kidodi, nimeshakataliwa Kimamba. Editha ni mshonaji, na ananicheka mbele yangu, si nyuma yangu. Mwanamke wa hivyo sijawahi kumpata. Kanitumia ujumbe: nakutaka wewe, babu yako simjui. Ila baba akisema hapana, na mimi nimesema hapana.

Karatasi lazima ipo. Babu alikuwa akikohoa, baba anatunyamazisha: kaeni kimya, hayo ni makaa ya mawe.

Jumanne, 10 Juni

Nimefunga duka. Natoa kopi na kupiga picha za pasipoti karibu na soko, nchi inaweza kunisubiri siku moja.

Kwenye ofisi ya wilaya nimehudumiwa na dada anaitwa Aneth. Kauliza babu alizaliwa mwaka gani. Nikasema mwaka wa nzige. Kauliza nzige wapi, maana walikuja mara nyingi. Nikasema wale wakubwa. Aneth kaweka kalamu chini, kanitazama kama mtu anayetazama mvua ikiingia ndani. Kasema niandike barua, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu nisubiri. Nikamuuliza kusubiri mpaka lini. Akasema watu huwa wanasubiri tu.

Nikaenda parokiani. Katekista kanifunulia kitabu cha mazishi. Lugome wa Ulaya yupo! Kazikwa mwaka 1948.

Babu yangu alikufa mimi nikiwa darasa la pili. Nilikula pilau la msiba wake. Niliongeza. Nimemwambia katekista kitabu kimekosea. Kanijibu kwa upole kwamba mapadri wa zamani hawakuwa na tabia ya kuzika watu wazima wazima.

Nimejiunga na kundi la WhatsApp la wajukuu wa waliokwenda machimboni. Nimetuma jina la babu na kuomba msaada. Nimejibiwa kwa picha ya maua.

Alhamisi, 12 Juni

Sijala vizuri tangu juzi. Leo nimepata akili.

Mzee kasema karatasi. Picha inachapwa kwenye karatasi. Na mimi kazi yangu ni picha.

Babu hakuacha picha hata moja, kwa hiyo alihitajika mtu wa kukaa mahali pake. Nimeomba watu wanne pale sokoni, wote wamesema wana kazi. Yoramu pekee ndiye kakubali, kwa masharti ya soda na kwa maneno mengi. Anasema ng'ombe wake anamjua mama yake, bibi yake na aliyemzaa bibi yake, lakini mimi mtu mzima mwenye simu kubwa sijui babu yangu kafa lini. Anasema nyie wakulima mnapanda mahindi mkijua mbegu imetoka wapi, mke mnaoa gizani. Nimemwambia afumbe mdomo, picha za zamani watu hawachekicheki.

Nimempaka mkaa usoni. Nimemvika kofia ngumu ya bodaboda. Nimempa sururu ya jirani. Picha nimeitoa kwa nyeusi na nyeupe, nimeilowesha chai ya rangi, nimeikausha juani. Imezeeka miaka themanini kwa mchana mmoja. Kazi nzuri mpaka niliogopa. Nikaona isije ikachakaa njiani, nikaipiga lamineshen.

Yoramu anaondoka nayo kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Kuna jambo moja sikulifikiria. Mpeleka picha ni Yoramu. Aliye kwenye picha ni Yoramu.

Mzee Kornelio kaitazama picha. Kamtazama Yoramu. Karudi kwenye picha. Kauliza huyu marehemu katobolewa lini masikio namna hii, na ilikuwaje kofia yake ya Rodeshia ina stika ya chama cha bodaboda wa Kilosa. Yoramu anasema alijibu kwamba machimboni walichanganyika watu wengi. Anajivunia jibu hilo. Analirudia.

Mzee hakugomba. Hilo ndilo linalonitisha. Kaiweka picha kabatini, kasema ataitunza. Kasema mshenga huyu hamwamini tena, nije mimi mwenyewe tarehe 21, na karatasi ya kweli. Kisha kasema neno ambalo Yoramu kalibeba bila kulielewa: mwambie kijana mimi sitafuti sifa za babu yake, nataka kujua ni Lugome yupi.

Lugome yupi! Wako wangapi?

Onesphory kaonekana kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee, akishusha mabati. Bila kuombwa.

Jumapili, 15 Juni

Mungu yupo, na ana WhatsApp.

Nilikuwa kanisani, simu ikatetemeka mfukoni wakati wa mahubiri. Mtu wa kule kundini, mstaafu anayekusanya kumbukumbu za wachimbaji, kanitumia picha ya kadi ya kazi. Nimesoma nimeinamisha kichwa, jirani akadhani nasali. Kornelio Lugome. Kijiji Ulaya, wilaya Kilosa. Kazi: kuchimba makaa. Kaingia 1941. Karudishwa kwao 1947, kifua.

Kifua! Kikohozi kile kile!

Na tazama jina la ubatizo. Kornelio. Kama mzee mwenyewe! Nyumbani babu tulimwita Lugome tu, la ubatizo hakuna aliyelikumbuka. Sasa babu yangu na baba mkwe wangu wana jina moja. Kama hii si ishara, basi sijui ishara huwa zinakuwaje.

Nimechapa nakala kwenye karatasi nzuri. Bila chai.

Linanisumbua jambo moja dogo, lile kaburi la 1948. Kesho naenda Ulaya kwa Bibi Magreti, mdogo wake babu, aniambie kitabu cha parokia kimekosea. Nataka tu kulisikia, nilale.

Jumatatu, 16 Juni

Ningebaki nyumbani.

Bibi Magreti kaelekea miaka tisini, masikio mazima, ulimi mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaendelea kuchambua mchicha. Nikamsomea kadi. Akatikisa kichwa kwa furaha, akasema ndiye, ndiye huyo, mjomba wetu.

Nikasema si mjomba, bibi, ni babu. Kaka yako.

Akanitazama kwa huruma. Kasema Lugome aliyechimba makaa alikuwa mjomba wao, kaka wa mama yao. Alirudi anatema vitu vyeusi, hakumaliza mwaka. Siku ya kumaliza msiba, kama ilivyo desturi, wakamwita mpwa wake mkubwa, yaani kaka yake Magreti, yaani babu yangu. Wakamkalisha kwenye kigoda cha marehemu, wakamkabidhi jembe lake na jina lake. Kuanzia hapo yeye ndiye Lugome. Magreti mwenyewe, mtoto wa kukimbiakimbia, akaambiwa kuanzia leo kaka yako umwite mjomba. Mtoto wa marehemu, kabinti kadogo, akaambiwa huyu ndiye baba yako. Mama wa kabinti hakukaa. Alirudi kwao kusikojulikana, kamshika mtoto mkono.

Nikauliza babu yangu aliitwaje kabla ya hapo. Bibi kafikiri sana. Kasema kalisahau, halikuwa na kazi tena.

Na kikohozi? Tumbaku, kasema. Babu yako hajawahi kuvuka Mikumi.

Nikamuuliza mbona miaka yote hakusema. Kasema si mlikuwa hamuulizi.

Ijumaa, 20 Juni

Siku nne nafikiri. Yoramu anasema niseme kweli. Rahisi kwake, hana cha kupoteza isipokuwa picha.

Uamuzi: sitasema. Kadi ni ya kweli. Jina ni la kweli. Ulaya ni ya kweli. Hapo katikati kuna babu mmoja amezidi, na wafu hawasemi. Nikimwambia Mzee kwamba babu yangu alirithi jina tu, nabaki mjukuu wa mvuta tumbaku, na Editha anapanda trekta.

Nimenyoa tena. Nimejikata.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa Mikumi, nimekaa nyuma ya duka la Mzee Kornelio, juu ya mfuko wa saruji.

Nilipokelewa vizuri kupita kiasi. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Editha kapita na sinia, kanikonyeza. Nikatoa kadi. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole juu ya kila neno. Kisha akavua miwani, akafuta macho. Mtu mzima analia mbele ya mabati.

Kasema: huyu ni babu yangu mimi. Amemzaa mama yangu. Jina langu ni lake.

Kumbe bibi yake ndiye yule mjane aliyeondoka Ulaya na mtoto wake, akarudi kwao Ruhembe. Mzee kakulia hadithi za babu aliyekufa kwa makaa, ndiyo maana naye akaenda kuyachimba. Miaka yote anatafuta jamaa wa Lugome. Na Yoramu alipotaja jina lile, alishtuka pia kwa sababu ya pili: huwezi kutoa binti kabla hamjaulizana ukoo.

Nikasema kwa haraka, tena kwa sauti, kwamba kuna kosa dogo, babu yangu hakuwa Lugome yule, alirithi jina tu, alikuwa mpwa, hajachimba chochote, ile ilikuwa tumbaku.

Mzee akatabasamu. Akampigia simu Bibi Magreti, namba nilimpa mwenyewe. Wakaamkiana, wakalia, wakacheka. Nikasikia bibi akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: aliyekalia kigoda ndiye Lugome mwenyewe, mama yako alimwita baba.

Hesabu ya Mzee ikawa fupi. Babu yako ni baba wa mama yangu. Kwa hiyo baba yako ni mjomba wangu. Wewe ni binamu yangu. Editha ni mwanao.

Editha alikuwa mlangoni. Sinia lilishuka kidogo. Akasema shikamoo, baba mdogo. Hakucheka. Mara ya kwanza hajacheka mbele yangu.

Mshenga wa Onesphory akafika mchana, pamoja na Onesphory mwenyewe. Mzee kasema kwa kuwa upande wa babu sasa una mtu, mtu huyo akae mbele. Nikakalishwa mbele. Nikaulizwa kama ukoo wa Lugome una pingamizi. Watu wote wakanitazama. Onesphory akainama, akaniamkia shikamoo, na kanizidi miaka miwili.

Nikasema hatuna pingamizi.

Editha kanitumia ujumbe sasa hivi. Si ungenyamaza tu na babu yako.

Nimeujibu. Nimeufuta. Nimeujibu tena. Nimeufuta.

Jumatatu, 30 Juni

Siku tisa za majonzi zinatosha. Nimejifunza.

Kosa letu lilikuwa kutaja babu. Safari hii hakuna babu. Wiki iliyopita kaja dukani dada anaitwa Upendo, wa Masanze, anataka picha za pasipoti. Kacheka nilipomwambia asicheke. Nilipiga mara tano kwa makusudi. Mwalimu wa chekechea, hana mchumba, sauti ya kutuliza mtu. Mimi wa Ulaya, yeye wa Masanze, hapo hakuna cha kuulizana.

Yoramu alitaka tuulize kwanza kwao ni nani na nani. Nimemwambia kuuliza ndiko kulikotuponza. Kaondoka na usafiri wa asubuhi kupeleka posa, na amri moja: asitaje ndugu yangu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

Nimenyoa. Zimelingana.

Mchana Upendo kaja kuchukua picha. Kaomba moja niiandikie jina nyuma, ataituma Ulaya kwa bibi yake mzaa mama. Bibi Magreti.