Boila Mpya ya Bi Barraclough

Desmond Crabtree alikuwa kwenye foleni ya pai pale sokoni Halifax, akijiuliza amwingize nani mjini kabla ya Krismasi, ndipo riziki ikasimama mbele yake imevaa makoti mawili. Riziki yenyewe ilikuwa bibi mfupi mwenye sauti ya kengele, na ilikuwa inamlalamikia muuzaji.

"Boila mpya kabisa! Wameifunga wiki iliyopita, na nyumba ina baridi kuliko barabarani. Kampuni hawapokei simu. Na leo alasiri wananiletea mume wangu Arnold kutoka hospitali. Daktari kasema mapafu yake hayawezi tena baridi. Wakikuta sebule haina joto, wanageuza naye."

Muuzaji akasema pole, akamwongezea mchuzi. Desmond hakusema pole. Katika maneno yote yale alikuwa amesikia mawili tu: boila mpya.

Tumjue kidogo huyu bwana. Aliwahi kuwa fundi kwelikweli wa boila, mitambo ya kuchemsha maji yanayopasha nyumba joto, tena mzuri, mpaka siku kampuni yake ilipogundua kwamba boila inazonunua zinafika kwenye nyumba za watu ambao si wateja wake. Tangu hapo amejiajiri. Ana mnunuzi kule Bradford, mtu mstaarabu sana, asiyependa kuchosha watu kwa maswali.

"Samahani, mama," alisema, akivua kofia, mfuko wa spana begani. "Sikukusudia kusikiliza. Mimi ni fundi wa boila, na leo nina nafasi."

Fundi wa boila, mwezi wa Novemba, ana nafasi! Huku kwetu hata aliyemwoa dada yake fundi husubiri. Bi Barraclough alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akafunga mfuko wa pai, akasema, "Mungu amekuleta, mwanangu. Twende."

Jikoni kwa Bi Barraclough, Desmond aliuona ugonjwa kabla hajaweka mfuko wa spana chini. Boila za siku hizi huja na kidude cheupe, hakina hata waya, kazi yake kupima joto la nyumba na kuiamuru boila iwake au izime. Mafundi walikuwa wamekiacha mezani, na bibi akakiweka pale anaposhinda yeye: kwenye rafu, juu ya birika la umeme. Na birika la nyumba ile halikuwahi kupoa. Kila mvuke ulipopanda, kidude kilidhani ni joto la kiangazi cha Julai, kikaizima boila, na bibi akazidi kusikia baridi, akazidi kuchemsha chai.

Dawa yake ilikuwa kukihamisha. Mtoto angeweza. Desmond akanyamaza, akaweka sikio kwenye boila, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefiwa.

"Mama, jikaze. Hii imekwisha."

"Imekwisha? Ina wiki moja!"

"Zipo zinazozaliwa hivi. Nitaing'oa bure, niirudishe kiwandani mwenyewe, nikuletee nyingine kabla mzee hajafika."

"Bure?"

"Mama, hata mimi nina mama."

Anaye kweli. Yuko Blackpool, na amebadilisha namba ya simu.

"Umelelewa vizuri," alisema Bi Barraclough. "Lakini sisi hapa hatutupi kitu mpaka tukione kimekufa. Suruali kuukuu za Arnold nimezifanya matambara ya kufutia vumbi mpaka leo, na bado zina vifungo. Nionyeshe inavyoshindwa, ndipo uing'oe."

Kwa watu wa Yorkshire, huku kwetu, hilo halina mjadala. Desmond aliiwasha boila, wakapanda juu kwenye rejeta, vile vyuma vya ukutani vinavyopita maji ya moto. Ile ya chumbani ilikuwa vuguvugu chini, baridi juu.

"Jirani yangu anasema hutolewa hewa."

"Haitasaidia, mama."

"Basi itoe tuone isivyosaidia."

Desmond alikusudia kuzungusha ufunguo hewani tu, amalize. Lakini bibi alikuwa amechuchumaa ubavuni mwake, kashika kikombe chini ya tundu. Ikabidi afungue. Hewa ikatoka kwa mlio mrefu, kisha maji, na punde chuma chote kikawa cha moto.

"Hee! Marehemu ana joto!"

"Ndiyo hali yao, mama. Hata mgonjwa hupata nguvu kidogo kabla ya kukata roho."

Bi Barraclough alisimama taratibu. "Usinitajie wagonjwa," alisema, na sauti yake kali ikakatika. "Miaka yote ya ndoa sijawahi kulala peke yangu humu, mpaka mwezi huu. Nimechoka, mwanangu. Namtaka nyumbani."

Desmond alihisi kitu kimemchoma ubavuni. Alisubiri kidogo, kikapita.

Walipozunguka juu kote, bibi akauliza, "Mbona huku panachoma na sebuleni ni kaburi? Haya maji si yanaishia hapa yote?"

"Inawezekana," Desmond alikiri kwa shida.

"Kwani hayana koki? Yabanie."

Akabana koki, moja baada ya nyingine, bibi akigusa kila chuma kuhakikisha. Waliporudi chini, kitanda cha Arnold kikiwa kimeshatandikwa sebuleni, rejeta ya pale ilianza kugugumia. Maji ya moto yalikuwa njiani. Akilini mwake Desmond alimwona yule mnunuzi wa Bradford akimpungia mkono wa kwaheri.

"Mama," alisema haraka, "hakuna chai?"

Birika likachemka, mvuke ukapanda, boila ikazima. "Umeona?" alisema Desmond, akipuliza kikombe. "Imekata."

"Tuijaribu tena."

Ikawaka tena. Desmond akaomba chai nyingine. Ikazima. Ikawaka. Akaomba nyingine, na biskuti ikibidi. Alikunywa na maziwa, akanywa bila maziwa, akasifu majani, akauliza yanauzwa wapi. Tumbo lilijaa likawa linapiga mawimbi kila akigeuka, lakini mtu wa kazi hutoa jasho kwa ajili ya kazi yake. Mwishowe mwili ukakataa. Alipanda ngazi mbio kwenda chooni, ambacho katika nyumba za mtaa ule kiko juu, na alikaa huko kwa muda unaolingana na chai aliyokunywa.

Aliposhuka, boila ilikuwa inanguruma. Birika nalo lilikuwa linachemka, mvuke umejaa jikoni, na boila haikujali. Kwenye rafu hapakuwa na kidude.

"Kipo sebuleni, kando ya kitanda," alisema Bi Barraclough, amevua makoti yote mawili. "Kaa. Chai ipo."

"Sitaki chai," alisema Desmond kwa uchungu wa kweli.

"Mafundi nimewapokea maisha yangu yote. Fundi haombi chai. Atasimama karibu na birika, ataongea habari za mvua mpaka umkaribishe. Wewe uliomba, tena kila boila ilipowaka. Nikajiuliza, huyu ana kiu au ana sababu? Nikatazama mvuke unakwenda wapi."

"Kwa hiyo ulinishtukia kwenye chai."

"Kwamba unaficha kitu, ndiyo. Kwamba ni mwizi nilijua palepale kwenye pai. Fundi wa kweli niliyempigia kaniambia nisubiri mpaka Februari. Arnold hana Februari. Nikaona mwizi ana nafasi leo."

"Kwa nini hukuita polisi?"

"Polisi anajua kutoa hewa kwenye rejeta?"

Honi ikalia nje. Dereva wa hospitali alikuwa peke yake, ngazi za mlangoni zimelowa, na mzee kwenye kiti cha magurudumu amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Dereva akachungulia ndani, akamwona mwanamume mwenye mabega. "Bwana, shika upande huu." Mwanamume mwenye mabega angesema nini?

Walimbeba mpaka sebuleni. Dereva akapima joto kwa macho, akaridhika, akaaga. Mzee Arnold alinyoosha mkono mwembamba, akauweka juu ya rejeta, akauacha hapo. Bi Barraclough aliweka wake juu ya ule wa mumewe.

Baada ya muda mzee alimwona Desmond akinyata kuelekea mlangoni na mfuko wake wa spana.

"Winnie, nani yule?"

"Fundi."

"Anaijua kazi?"

"Anaijua sana," alisema Bi Barraclough. "Ila hakukusudia."