Masele na Duara la Bluu

Masele hakuwahi kutia mguu baharini, lakini asubuhi ile pale mtaani kwao Kambarage alipoona kitu cheusi kama ngozi ya mtu kimeanikwa kwenye kamba ya nguo, mikono na miguu ikining'inia, hakupiga ukunga kama majirani. Alisimama akajipapasa kidevu. Kazi ya Masele ilikuwa udalali: wa viwanja, wa pikipiki, na siku mbaya, wa vitu ambavyo mwenyewe hajui kwamba vinauzwa.

"Shikamoo mama. Hilo ni vazi au mgeni?"

"Marahaba. Vazi la kuzamia," akajibu Gulnaz, mjane mwenye duka la vitambaa, huku akilikung'uta maji. "Nilijifunza Mafia nilipokwenda kumtembelea dada. Tangu nitoke chini ya maji, Masele, duka naliona kama kabati. Nahama."

"Wapi?"

Hapo mama akaanza kuhesabu kwa vidole. Mafia, samaki wanakupisha njia kama wewe ni harusi, lakini dada yake anaongea kuanzia chai mpaka taa zizimwe. Pemba, mkondo wa maji una nguvu na goti lake halina. Kigoma, ziwa ni angavu mpaka unahesabu vidole vya miguu. "Ila huko kote, nani ataniambia *mwangaluka* asubuhi? Mimi nimezaliwa hapa. Kisukuma ndicho ninachotukania wezi."

Akili ya Masele ikapiga hodi na kuingia bila kungoja jibu. Nyuma ya duka palikuwa na nyumba nzuri, yenye ua na mlango wa mninga. Nelly, mama wa mtoto wake Blessing, alikuwa amechoka kuhamishwa na wenye nyumba kama mzigo wa mnadani. Juzi alimwambia, bila hata ya kugomba, "Baba Blessing, nataka mlango nikiufunga, asiwepo wa kuugonga na kuniambia nitoke." Maneno yale yalimkaa Masele kooni kama mwiba wa sato.

"Mama," akasema kwa sauti ya kanisani, "babu yangu aliniachia duara upande wa Geita. Shimo la wachimbaji, limejaa maji. Maji ya bluu! Chini kunang'aa dhahabu iliyowashinda wazee. Na asubuhi watu wote wanakwambia mwangaluka. Tubadilishane: wewe duara, mimi nyumba."

"Nizame kwanza," akasema Gulnaz. "Sinunui maji nisiyoyaingia."

Babu wa Masele, apumzike kwa amani, alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji cha Songwa na hakuwahi kumiliki shimo lolote ila la choo. Lakini mashimo yaliyotelekezwa hayakosekani. Masele akamsimulia Nelly mpango wote, kisha akatangulia kwenye kambi moja upande wa kwao Nelly, akakuta duara lililofurika, akalimwagia ndoo nzima ya bluu ya kufulia nguo. Kisha akawaita wachimbaji waliokuwa wamekaa bila kazi, akawanunulia pilau na soda.

"Mwenye duara hili yuko wapi?" akauliza.

"Alikimbia lilipojaa maji," akasema Gregory, mkubwa wao, mtu mwenye mabega kama kabati. "Jina lake hatukulijua. Alikuwa anamtuma msimamizi tu."

"Vizuri. Akija mama, semeni ni la babu yangu, sasa ni langu."

Gregory akaacha kutafuna. "Tuseme mbele ya mwenyekiti wa kitongoji?"

"Mbele ya yeyote!"

"Tutasema kwa moyo wote," akasema Gregory, na wenzake wakaitikia kama kwaya. Masele aliguswa na ukarimu wao.

Siku ya siku, Gulnaz akafika na pikapu yake, vazi lake na mtungi wa hewa. Mwenyekiti, Mama Philomena, akaja na muhuri kwenye pochi. Masele akapanda juu ya kifusi, akanyoosha mkono na kutangaza, "Duara hili ni langu, na lolote lililomo ni langu!" Wachimbaji wakashuhudia. Mama Philomena akagonga muhuri kwenye karatasi ya umiliki.

Gulnaz akazama. Mapovu yakapanda, yakapanda. Masele akaanza kupanga moyoni mahali pa kuweka kitanda cha Blessing.

Mama akaibuka, uso wote wa bluu. "Masele, maji yako yananukia sare za shule." Kisha akamrushia Gregory ncha ya kamba. "Vuteni! Zipo zote mbili, kama ulivyonieleza kwenye simu."

Wakavuta. Ikatoka pampu ya kuvutia maji, inachuruzika tope. Ikafuata ya pili. Wachimbaji wakarukaruka na kukumbatiana. Zilikuwa pampu zao, zilizozama siku ile maji yalipoingia.

"Kwenye simu?" akauliza Masele.

"Nelly aliniambia kila kitu tangu siku ya kwanza," Gulnaz akasema kwa upole. "Mimi ndiye niliyemfunga Blessing kanga yake ya kwanza. Ulidhani angeninyamazia? Akanipa namba ya Gregory, mtu wa kwao."

Gregory akamshika Masele bega, taratibu, kama mkwe. "Bosi, mila ya machimbo unaijua. Mwenye duara hulisha wachimbaji mpaka mawe ya dhahabu yatoke. Tumekungoja sana."

"Mimi si… jamani, mlijua kabisa kwamba…"

Mama Philomena akainua pochi. "Ni lako, au ulinidanganya mbele ya muhuri? Kama ulidanganya, polisi si mbali."

Masele akawatazama wote, mmoja mmoja. "Ni langu," akasema kwa sauti ya kifaranga.

Jioni, akiwa amejifunga kanga kiunoni, anasonga ugali wa kambi nzima, simu ikalia.

"Baba Blessing," Nelly akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka, "mama Gulnaz anahamia Kigoma. Nyumba ameniachia mimi niitunze, na duka niliendeshe. Anasema mwangaluka nitamwambia kwa simu kila asubuhi. Hebu sikia."

Masele akasikia mlango wa mninga ukifungwa. Ukafunguliwa. Ukafungwa tena, na Blessing akipiga makofi. Masele akauacha mwiko umesimama kwenye ugali.

"Nakuja, mama! Nakuja sasa hivi!"

"Uje vipi, na una watu wa kulisha? Toa kwanza maji kwenye duara lako. Ukifika, ugonge. Nitafikiria."

"Mwenye duara!" Gregory akaita kutoka gizani. "Mboga haina chumvi!"