Taa, Antena na Kazi Yangu

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeulizwa kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini huwa nafanya hivi.

Ilikuwa kikaoni. Meneja alikuwa anaeleza mtandao mpya ambao kampuni yetu inataka ununuliwe na hospitali kuu. Faiba, ule waya wa kioo, inaleta habari jengoni kwa mwanga, taa za darini zinazishusha hadi mezani, na mwanga ukikwama, antena ya ukutani inashika kazi. Nilikuwa natazama dari. Ni taa. Zinawaka. Meneja akadhani natafakari. Akasema huyu kijana ndiye atakayewaeleza wageni Ijumaa, maana wataalamu wakieleza watu husinzia. Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia muda wangu wa majaribio unaisha siku hiyohiyo. Wageni wakiondoka ndipo ataamua: nathibitishwa kazini au narudi nyumbani.

Kipenzi, karani mwenzangu (jina nimempa mimi, maana Meneja haoni mwingine), alinipongeza mlangoni. Alisema amefurahi sana kwamba si yeye.

Nyumbani nikamwambia dada nimekabidhiwa jambo zito, la mwanga. Shemeji akasema vizuri, basi nianze na taa ya bafuni.

Jumanne, 10 Juni

Mkakati: kumhoji Fundi wa mtandao bila yeye kugundua kwamba sijui kitu. Nikamwendea na kalamu sikioni. Nikamwambia nataka kuona kama maelezo yake yanalingana na yangu. Akasema haya kijana, tuanze na yako. Nikakohoa mpaka akanipa maji.

Mwishowe alinihurumia. Kila meza hapa ofisini ina kidude kinachoitwa jicho. Taa inapepesa upesi kuliko mtu awezavyo kuona, na jicho linasoma kupepesa huko. Mkono ukipita, au faili, au kivuli cha mtu, antena inadaka palepale na aliyeko mezani hajui kama kuna lililotokea. Ni kama mke na mume, alisema, mmoja akiwa na shughuli mwingine anambeba mtoto. Nikamuuliza mke ni yupi. Akaondoka.

Nimeelewa yote isipokuwa katikati. Kama taa inapepesa, mbona haituumizi macho? Nimeikodolea mpaka wakati wa chakula. Inaumiza macho.

Jumatano, 11 Juni

Kipenzi anasoma. Ameniambia mwenyewe, kwa upole wake ule. Kwamba kaka, kama utazidiwa Ijumaa, usijali, mimi nimeanza kupitiapitia mambo haya. Kupitiapitia. Sikuweza kumaliza chai.

Mkakati: mtandao wake ukatike mbele ya Meneja, ionekane kwamba meza yake ina mkosi. Juu ya kabati kando ya meza hiyo nikaweka lile ua kubwa la mapokezi. Nikasema ni kwa ajili ya hewa safi. Majani yakashuka, yakalifunika jicho lake lote. Nikakaa kusubiri.

Meneja akaja. Kipenzi alikuwa anaongea kwa video na tawi letu. Picha haikutikisika hata kidogo. Akapita Fundi, akaona ua, akainama chini ya majani, akamwita Meneja haraka. Kumbe mwanga ulikuwa umezibwa kabisa, antena ikadaka, na Kipenzi akaendelea kuongea bila habari. Fundi alisema jaribio la namna hii amelitafuta wiki nzima. Meneja akamsifu Kipenzi kwa ubunifu. Akajibu kwamba ni wazo dogo tu lililomjia.

Yaani nimemhujumu mtu akapandishwa chati. Nilibaki nalimwagilia ua maji kwa hasira mpaka yakafika kwenye zulia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeamka na swali baya. Kama habari inaweza kuja kwa taa na inaweza kuja kwa antena, je, wageni hawatasikia kila neno mara mbili? Nikamuuliza Fundi. Akasema hapana, njia mbili hizo hazigombani, mashine yenyewe inachagua iliyo bora. Na kama zote ni bora? Akaniomba nikamtafutie ngazi. Nikailaza ngazi miguuni pake. Hakuigusa.

Jioni nilifanya mazoezi sebuleni kwa tochi na redio ya dada. Nikamulika, nikaeleza, nikaongeza sauti ya redio. Shemeji akasema sasa amepata: tochi ni ya kutafutia redio. Dada akamwambia amwache mdogo wake, hamwoni alivyokonda? Kisha akanigeukia mimi. Akasema nikikosa kazi hii sitakaa kwake nikizunguka sebule kutwa nzima kama feni, nitarudi kwa mama. Kwa hiyo kesho niseme tu maneno yangu. Nisiguse kitu.

Ushauri mzuri. Nimeuandika hapa ili nisiusahau.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Nilifika kabla ya watu wote. Nikaitazama antena, nayo kama inanitazama. Ndipo nikaona hatari. Wageni wanakuja kuona ajabu ya mwanga. Antena ikiwepo, watajuaje kwamba mwanga ndio unaofanya kazi? Si ajabu Kipenzi akawanong'oneza kwamba kazi yote ni ya antena. Nikaichomoa ukutani, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa viatu.

Wageni wakaingia: Mwenyekiti wa bodi ya hospitali, ambaye ni mrefu na mpana, kisha Matroni, na wengine nyuma yao. Kwenye skrini alikuwa Fundi, akiwasalimia kutoka chumba cha pili. Nikaanza kueleza. Sauti ilitoka. Nilishangaa mwenyewe.

Mwenyekiti akasema haoni vizuri, akaiinamia meza. Picha ikaganda, Fundi macho yamefumba, mdomo wazi. Mwenyekiti akarudi nyuma kuuliza kuna nini. Fundi akaendelea kuongea. Mwenyekiti akainama tena. Fundi akaganda tena. Meneja alinitazama jinsi mtu anavyotazama gari lake likivutwa. Nikamwomba Mwenyekiti, kwa heshima zote, asogee mbali kidogo na picha ili aweze kuiona. Akauliza ameitwa kuja kutazama au kuja kusogea.

Matroni alikuwa ameshaanza kucheka. Akalifunika jicho kwa kiganja, picha ikaganda. Akatoa, ikarudi. Akasema kumbe ndivyo ilivyo, muuguzi akimwinamia mgonjwa, daktari aliyeko kwenye skrini anakatika? Mwenyekiti akaniuliza kama ndivyo. Nikasema ndiyo.

Kipenzi alikuwa anang'aa tu, kuliko taa.

Kisha Fundi akatokea mlangoni anahema, akaona plagi sakafuni, akaichomeka bila kuuliza. Akarudi mbio chumbani kwake. Mwenyekiti akainama. Picha ikaendelea. Matroni akalifunika jicho kwa mikono miwili, akaegemeza na mkoba wake juu. Picha ikaendelea.

Mwenyekiti akasema kampuni tatu zimeshamweleza habari za kuunganisha mwanga na mawimbi ya antena, na zote zimemwacha akijiuliza kwa nini kimoja hakitoshi. Leo ameonyeshwa pengo kwanza, ndipo akaonyeshwa kilichoziba pengo. Aliyepanga onyesho hili ni nani? Macho yote kwangu. Kipenzi akasema ni wazo letu sote.

Baadaye Meneja akaniita, akafunga mlango. Akauliza kama niliichomoa antena kwa makusudi. Nikasema ndiyo, bosi, na ni kweli. Akauliza kama nilijua kitakachotokea. Nikakohoa. Akasema hawezi kunithibitisha kwa sababu hajajua kama mimi ni mwerevu au ni balaa, na hawezi kunifukuza kwa sababu Mwenyekiti anataka bodi nzima ije Jumatatu ione onyesho lilelile, na mimi nilieleze. Majaribio yangu yameongezwa mpaka hapo. Nifanye kama leo, hatua kwa hatua, nisizidishe hata moja.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefika mapema. Nimetulia kuliko siku zote, maana safari hii nina maagizo yanayoeleweka: kila kitu kiwe kama Ijumaa. Meza iko palepale, plagi ya antena iko sakafuni. Matroni ameshapiga simu kusema anakuja na mkoba.

Lakini chini ya meza nimekuta kisanduku cheusi ambacho Ijumaa hakikuwepo. Kina karatasi ya Fundi, mwandiko wake: bodi ni watu wengi, bila hiki mtandao utaelemewa, kijana usiguse. Nimeisoma kwa makini. Nimeelewa wasiwasi wake. Lakini yeye ni Fundi, na aliyeniagiza ni Meneja, na Ijumaa kisanduku hiki hakikuwepo.

Nasikia lifti inafunguka, na viatu vingi. Nimeshakichomoa.