Betri ya Mama Kavuo na Waya Unaosikia Joto

Asubuhi ile redio ya Mama Kavuo ilitoa habari fupi: kule Mavivi, kwenye joto la Beni, betri ya kinyozi mmoja imechemka mpaka ikavimba, na wateja wawili wamekimbia wakiwa wamenyolewa upande mmoja tu. Benchi letu la kahawa hapa Rughenda, mjini Butembo, lilisahau vikombe.

Mama Kavuo akazima redio. Betri zake mbili zilikwisha kuvimba vivyo hivyo, zote mikononi mwa Onésime, fundi redio tuliyempa jina la Ingénieur. Ya tatu ilikuwa bado mpya, chini ya meza.

— Ingénieur, alisema kwa upole ule unaotisha. Hii nayo ikivimba, ile jina tunakutosha. Tunaipatia Zacharie.

Onésime alibadilika rangi. Bila jina hilo yeye ni Onésime tu, na kina Onésime mtaani ni tele. Zacharie, tunayemwita Procureur kwa kuwa hushtaki hata mvua, alikwisha kuanza kutabasamu.

Upesi Onésime akafungua leso. Ndani mlikuwa na chipu mbili, ndogo kuliko punje za maharagwe. Alieleza kwamba chipu, au puce, ndiyo kichwa cha régulateur, kile kifaa kinachoamua betri ya asidi ilishwe umeme wa jua kiasi gani. Ya kwanza ni rahisi: betri ikijaa, inakata, basi. Ya pili inalisha kwa hatua tatu, tena ina waya unaosikia joto: betri ikipata joto inapunguza, ikipata baridi inaongeza.

Procureur alitaka ya kwanza. Alidai hana imani na kitu chochote kinachobadilisha mawazo kwa ajili ya hali ya hewa. Hapo akainuka Lusenge, yaani Météo, aliyekata nyasi za uwanja wa ndege miaka kumi na moja na tangu hapo hujiona mwenye mawingu.

— Procureur, Beni iko na joto, Butembo iko na baridi. Puce yenye haijue iko wapi, itafanya kazi gani?

— Na weye unajuaka uko wapi?

— Niko Rughenda, mbele ya mutu mujinga.

Tulipiga kura. Mama Kavuo alichagua ya pili, maana mgeni naye hulishwa hivyo: kwanza sahani ijae, kisha abembelezwe, mwisho chai tu. Kura yake ilihesabiwa peke yake, kwa sababu kahawa ni yake.

Wiki nzima betri haikuchemka. Haikujaa pia. Kila jioni, katikati ya habari, redio ilikohoa na kunyamaza. Procureur akafungua kesi. Onésime alipima nyaya, akapima paneli, jasho likimtoka, akaapa kwamba ameuziwa chipu ya uongo. Nilimhurumia kidogo, si sana.

Météo ndiye aliyeinama chini ya meza.

— Mama Kavuo, nani aliweka betri hapa kando ya babula ya makaa?

— Ni miye. Iko mupya. Na hii baridi ya Butembo, ningeiacha igande? Hata mutoto mwenye anatoka kuzaliwa, tunamuwekaka karibu na moto.

Siku saba chipu maskini ilisikia joto la makaa, ikaamini kabisa kwamba iko Mavivi, ikawa inalisha betri kwa kijiko. Na Onésime siku zote saba alikaa palepale, akiota moto uleule, bila kuuliza. Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani.

Procureur alisimama, akafunga vifungo vya koti, akangoja jina lake.

— Kaa, Zacharie, Mama Kavuo akamwambia. Kati ya siye bote, nani alifanya kazi yake muzuri hii wiki? Njo ile puce. Donc Ingénieur ni yeye. Onésime atakuwa musaidizi wake.

Betri ilihamishiwa mwisho wa benchi, kwenye upepo, na msaidizi akahamishwa nayo. Kesho yake jioni redio ilisoma habari mpaka mwisho, na Onésime alizisikiliza zote akitetemeka kwa baridi.