Stika Nyekundu za Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. Ukurasa wa kwanza Bonge kaushika kwa mikono yenye uji, kwa hiyo naanzia wa pili. Si neno.

Habari kubwa: mwanangu anasimama! Anashika kiti, anajivuta, miguu inamtetemeka kama ya fundi aliye juu ya ngazi mbovu, halafu pwa! Chini. Anacheka mwenyewe. Wiki hii au ijayo atatembea.

Na hapo ndipo roho inaponiuma. Mchana kutwa Bonge yuko kituo cha watoto, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na ofisi yetu ya vifurushi. Ofisi ina dirisha moja. Ukikaa pale unauona uwanja wote wa kituo, mpaka lile beseni la kuchezea. Anayekaa pale ni Mama Feni. Mimi nimekaa kona ya choo, uso ukutani. Mtoto wangu wa kwanza atapiga hatua yake ya kwanza huku mimi natazama doa la rangi lenye umbo la bata!

Haiwezekani. Dirisha nitalipata.

Jumanne, 4 Machi

Nilianza kwa upole. Nikampelekea Mama Feni chai, nikamwambia nimesikia jua la dirishani linazeesha ngozi. Akasema, "Mwanangu, ngozi yangu ilizeeka wewe bado unanyonya." Akanywa chai yote. Akaigeuza feni imwelekee yeye peke yake, maana jina lile hakupewa bure.

Kazi leo haikwenda. Kila maji ya choo yanapomwagika nyuma yangu, nashtuka na vidole vinaruka. Fomu moja nimeandika jina la mtumaji mahali pa mpokeaji. Kifurushi kikarudi kwa aliyekituma. Bahati nzuri alikipokea kwa furaha, akasaini.

Jumatano, 5 Machi

Mungu kanikumbuka! Meneja kaleta Mtaalamu wa kupanga ofisi. Kijana mtanashati, ana futi ya kujivuta yenyewe mfukoni. Alisema mtu akikaa mahali pabaya shingo inakakamaa, moyo unanywea na kazi inalala. Nikaitikia kwa sauti mpaka Mzee wa Mihuri, jirani yangu, akaniuliza kama nimeokoka.

Kila mmoja, sote sita, Meneja akiwemo, kapewa mchoro wa ofisi na stika. Tatu za kijani, unabandika mahali panapofaa. Tatu nyekundu, mahali panapodhuru. Ukimaliza unakunja karatasi, unaitumbukiza sandukuni. Siri yako. Meza yenye nyekundu nyingi, anayeikalia atahamishwa kwa ajili ya afya yake.

Hapo akili ikaniwaka kama taa. Nyekundu zangu zote tatu nikambandikia Mama Feni dirishani. Ahamishwe! Meza ikibaki wazi nitasimama kinyonge, niseme basi jamani, kwa ajili ya ofisi, mimi nitajitolea. Kijani zote nikabandika konani kwangu, mlangoni pa choo, ili apatamani apachukue.

Nyumbani nilimsimulia Baba Bonge. Akauliza kwa nini nisimwombe tu yule mama. Wanaume hawajui mambo haya.

Alhamisi, 6 Machi

Sielewi. Sijielewi.

Mtaalamu kafungua sanduku mbele yetu. Nyekundu kumi na nane. Zote kumi na nane dirishani!

Nilihesabu tena kwa vidole. Watu sita, tatu tatu. Ina maana kila mtu mle ndani alikuwa akilinyemelea dirisha, na kila mtu akajiona yeye ndiye mjanja. Mpaka Mzee wa Mihuri, mtu wa sala! Mpaka Mama Feni mwenyewe! Kumbe kajibandikia meza yake nyekundu ili sisi tusiitamani. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Sote tukawa tunatazama viatu.

Mtaalamu alisikitika sana. Alisema katika miaka yake yote hajaona dirisha lenye madhara kama hili. Akasifu kona ya choo, ina kijani tatu. Kisha akaamuru kabati kubwa la mafaili lisogezwe lizibe dirisha, na Mama Feni ahamie kwenye afya.

Afya yenyewe ni kona yangu. Sasa tumekaa bega kwa bega, sote tunatazama bata.

Ijumaa, 7 Machi

Maji ya choo yakimwagika, tunaruka wawili. Mama Feni kaja na feni yake, kwa hiyo angalau na mimi nafikiwa. Kaniuliza kwa upole ni nani hasa aliyebandika stika zile. Nikamwambia watu wana roho mbaya, mama. Akasema kweli kabisa, mwanangu. Tukaendelea kuandika fomu.

Bonge kashinda salama. Dada wa kituo kasema leo kaachia kiti, yeye dada akahesabu mpaka mbili, halafu chini. Nilimbusu visigino njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Kabati lile halina mgongo! Ni rafu tupu na mafaili. Nilikwenda kuchukua faili la mwaka juzi, nikalivuta, na mwanga ukanipiga jichoni. Nikachungulia. Uwanja! Beseni! Na kofia ya njano ya mwanangu!

Nimetunga mpango. Faili lile nimelihamishia mezani kwangu, na kila baada ya fomu kumi naenda "kulirudisha." Halafu nalisahau, narudi nalo.

Jumanne, 11 Machi

Kabati lina matundu sita. La Mzee wa Mihuri liko juu kidogo, ni mrefu. Meneja naye kajitobolea la kwake karibu na ukuta, nimemwona. Tunapishana pale kabatini tukisalimiana kama watu msikitini.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa fomu ya saba. Mama Feni alikuwa kwenye tundu lake. Ghafla akapaza sauti mpaka Mzee wa Mihuri akajigonga muhuri kidoleni. "Wewe mama! Acha hayo makaratasi, mtoto ameachia!"

Sikumbuki nilivyofika. Tundu langu lilikuwa mbali, akanivuta shavu kwa shavu kwenye lake. Bonge kasimama peke yake katikati ya uwanja. Kofia imemwangukia jicho moja. Anatazama beseni kama mtu aliyelipania siku nyingi. Mguu. Kasita. Mguu wa pili. Wa tatu! Kalishika beseni, kaligeuza, kalikalia.

Nililia. Mama Feni akaniambia nisilie juu ya mafaili, wino utachuruzika. Kisha na yeye akapenga kamasi. Akasema kila siku alikuwa anamtazama yule wa kofia ya njano, ndiye aliyemfanya alipende dirisha miezi yote hii, hakujua ni wangu. Ningemwambia tu, angenipa kiti.

Jioni Bonge katembea hatua mbili mbele ya baba yake. Baba Bonge karuka juu, eti kamwanzia yeye! Nikapiga vigelegele. Nikamwachia.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaalamu karudi na daftari. Amefurahi mno. Shingo zimelegea, fomu zimeongezeka, makosa yamepungua, na watu wananyoosha miguu kwenda kabatini mara nyingi kuliko ofisi yoyote aliyopima. Kasema kuziba dirisha ndiyo dawa. Meneja kakohoa.

Sasa anataka kuweka meza ya chai na kiti kirefu cha kupumzikia. Wapi? Tuamue wenyewe. Kagawa michoro mipya, kijani tatu, nyekundu tatu.

Mama Feni alikuwa hapa hapa pembeni yangu. Ningeweza kumwomba tukae kikao, sote sita, tuseme tunataka chai pale kabatini. Lakini ya nini? Nimepata njia rahisi zaidi. Nyekundu zote tatu nimebandika kabatini, ili pasigombewe, halafu nitajitolea kukaa pale.

Nimeangaza macho ofisi nzima. Kila mtu kainamia mchoro wake, kaufunika kwa mkono. Maskini. Hakuna hata mmoja atakayelifikiria hili.