Radhi Kabla ya Joka

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshika nafasi ya pili tena. Na matabibu tuko wawili!

Wacha niandike vizuri, nisije nikapotea mwenyewe siku nikisoma haya. Kikosi chetu cha mchezo wa kompyuta ni watu kumi. Watano tunachezea kwa Athmani, chumba chake cha kompyuta mtaa wa Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago. Watano wengine wako majumbani mwao na vipaza sauti vibovu. Athmani ndiye ngao: anasimama mbele ya zimwi, anapigwa. Mimi na Mwikali tunamrudishia uhai asife. Kiongozi wetu ni Bi Mahfudha, ambaye asubuhi hufundisha watoto Kurani chuoni Kuze, na jioni hutuamrisha sisi kwa sauti ileile.

Kuna programu ya nyongeza inayohesabu nani ametibu kiasi gani. Leo Mwikali laki nne na ishirini, mimi Dzoro laki tatu na tisini. Kila mtu ameona. Bi Mahfudha hakusema neno. Hakusema neno! Jumamosi ijayo tunamvamia Joka, zimwi la mwisho, tuliyemsubiri miezi minane. Na Athmani ameanza kusema kwamba vikosi vya watu wengine humvamia Joka na tabibu mmoja tu.

Mmoja. Mimi najua kuhesabu mpaka mmoja.

Tena jana nilifanya jambo. Zimwi la mlangoni lilipokufa liliacha kanzu ya zumaridi, ya tabibu. Bi Mahfudha akauliza nani aitaka. Mwikali alikuwa ameshuka kununua viazi karai. Nikasema Mwikali haitaki. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua sana kwa nini nilisema hivyo.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeivaa. Inang'aa! Inaongeza nguvu ya tiba kupita vazi lolote nililowahi kuwa nalo. Ila hairudishi buluu. Buluu ni ule mstari wa nguvu za tabibu. Ukiisha, umebaki mtazamaji kama watazamaji wengine. Nguo za Mwikali zote ni za kurudisha buluu. Mbaya, rangi ya matope, kofia kama sufuria. Lakini buluu yake haiishi.

Kanzu peke yake haitatosha. Nikatoka ofisini mapema, nikamwambia mkubwa wangu jino linaniuma. Nikafika kwa Athmani yeye yuko msikitini, anasali alasiri. Kompyuta ya Mwikali ni ile namba tatu. Nikafungua mpangilio wa kioo chake. Ile mistari ya uhai wa watu, ambayo yeye huiweka kubwa katikati, nikaisukuma pembeni chini na kuipunguza mpaka ikawa kama njiti za kibiriti. Ngazi ikalia, nikaruka kwenye kiti changu, nikajifanya nasoma bei za viatu.

Mwikali akaja saa kumi na moja na nusu, ametoka kazini, hukatisha tiketi za reli. Akakaa, akawasha kompyuta, akacheza.

Halafu akamgeukia Athmani akamshukuru! Ati amempangia vizuri, sasa ameweza kuona sakafu ya mchezoni, kumbe siku zote alikuwa anakanyaga moto bila kuuona. Athmani, ambaye hakupanga lolote, akasema karibu.

Mwikali laki tano na kumi. Sijala usiku huu.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango mpya, na huu haumdhuru mtu. Nimeweka nyongeza inayolia kila uhai wa mtu ukishuka chini ya robo. Unajichagulia mlio. Kulikuwa na pembe, mbwa mwitu, na mlio mkali mwembamba kama kauri ikigongana. Nikachagua huo wa mwisho. Unapenya.

Sikukumbuka muuza kahawa. Kila siku jioni hupita chini ya dirisha la Athmani akigonganisha vikombe vyake. Na vile vidude vyangu vya masikioni, upande mmoja umekufa, kwa hiyo sikio la kushoto husikia ya barabarani. Kling kling! Nikamtibu Athmani. Kling kling! Nikamtibu tena, tiba kubwa, ile ya kumalizia. Athmani alikuwa mzima kabisa, anajiuliza kuna nini. Muuza kahawa akapata wateja watatu pale barazani, akakaa. Nilimtibu Athmani mara kumi na moja.

Buluu ikaisha. Kisha zimwi likatema moto wa kweli, na kumi wote tukafa.

Bi Mahfudha akaondoa miwani yake. "Dzoro mwanangu," akasema, "buluu yako imekwenda wapi?"

Nikasema ni mtandao. Athmani, ambaye mtandao ni wake, akaniangalia kwa muda mrefu.

Jumatano, 6 Agosti

Ujumbe wa Bi Mahfudha umeingia kwenye kundi saa mbili asubuhi, nikiwa ofisini nimeshika chai. "Assalaam alaikum. Jumamosi saa tisa na nusu, kabla ya kumvamia Joka, tutatakana radhi. Nyote mufike kwa Athmani, hata mulio majumbani."

Chai ikamwagika kwenye karatasi za forodha za mzigo wa mtu.

Kwa nini tutakane radhi? Kuna nini? Nani kamkosea nani? Mimi ni mtu wa Kaloleni, si wa mji huu. Kwetu ukiona watu wameitwa wote wakae chumba kimoja waangaliane usoni, ujue kuna kesi na mshtakiwa ameshajulikana. Nikampigia Athmani, nikamuuliza kama hakuna lolote, hiyo radhi ni ya nini. Akacheka. "Ndugu yangu, kila mtu ajua alilomkosea mwenziwe," akasema, kisha akakata simu kwa sababu alikuwa na mteja.

Kila mtu ajua! Maneno yake hayo hayo.

Wanajua kuhusu kanzu. Au wanajua kuhusu kompyuta namba tatu. Au vyote viwili, na wanangoja nijitoe mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushahidi umeongezeka. Mwikali amenigawia nusu ya mahamri yake bila kuombwa. Bi Mahfudha amenikuta Ndia Kuu, akaniuliza kama nalala vyema. Athmani amenipa kiti chenye mto. Watu hawakufanyii hivi bure.

Nimefikiri sana nikaona njia. Makosa yakipungua, kesi inapungua. Kanzu siwezi kuirudisha, maana vazi likishavaliwa halihamishiki. Lakini kioo cha Mwikali naweza. Nikawahi tena (jino lilelile, mkubwa wangu ameanza kunishauri nikaling'oe) nikarudisha mistari yake ya uhai katikati, mikubwa, kama ilivyokuwa. Nikajisikia mwepesi. Nusu ya dhambi imefutika!

Mwikali akaja, akacheza, akaungua. Akaungua tena. Sakafu haionekani. Akawa anafikicha macho na kusogea karibu na kioo. Hakulalamika kwa mtu. Alimaliza na laki mbili na themanini tu, akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga vizuri. Mimi nikawa wa kwanza kwa mara ya kwanza tangu Disemba.

Nilingoja furaha ije. Ikachelewa.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo hatuchezi. Nimekaa chumbani kwangu Majengo na karatasi. Nimeandika makosa yote, ili kesho nisibabaike. Yamefika saba. Nilidhani yatakuwa mawili! La tano nilikuwa nimelisahau kabisa: Machi nilimwambia Bi Mahfudha kwamba Mwikali ndiye aliyemwamsha yule nge wa mchezoni aliyelala, na nge nilimwamsha mimi kwa kiwiko kilichogonga kibonye.

Nimejaribu kuyasoma mbele ya kioo cha ukutani. Sauti inakatika kwenye la pili.

Jumamosi, 9 Agosti

Ningeweza kuacha ukurasa huu mtupu. Lakini nitaandika.

Chumba kilijaa, watu kumi, na Fadhiya, dadake Athmani, mpiga upinde wa akiba. Bi Mahfudha akaomba dua fupi. Halafu akasimama. "Nisameheni nililowakosea, la kujua na la kutojua." Wote wakasema wamemsamehe, naye awasamehe. Akakaa. Athmani akampa mkono jirani yake: nisamehe, nimekusamehe, nawe nisamehe. Basi! Akahamia wa pili. Watu walikuwa wanapeana mikono upesi upesi huku wengine wanawasha kompyuta. Nusu dakika, na nusu ya chumba imemaliza.

Hapa mtu mwenye akili angeelewa kwamba ni desturi tu. Nami nilianza kuelewa, naapa. Lakini Mwikali alikuwa ameshafika mbele yangu. Akanipa mkono akaniangalia sawasawa machoni. "Nisamehe Dzoro, kama kuna mahali nilikukosea."

Nikatoa karatasi.

Nilisoma yote saba. Nilipofika la tatu hakuna aliyekuwa anashika kompyuta. Kwenye la tano mtu alisema, "Nge?"

Nilipomaliza, Athmani ndiye aliyeanza. Uligusa mashine yangu? Mara mbili? Nikasema mara ya pili nilikuwa natengeneza.

Mwikali akauliza kuhusu kanzu. Ile ya zumaridi? Akacheka kidogo. Ati hakuitaka, haingemfaa kwa lolote, kanzu isiyorudisha buluu avae ya nini? Kumbe nilidanganya ukweli! Nikaanza kutabasamu. Kisha akasema lile jambo la kioo, polepole, na tabasamu likaniishia. Mistari ilikuwa mahali pake pa siku zote, hakuitilia shaka; Alhamisi alikwenda nyumbani akidhani macho yake yameharibika. Ndugu zake wawili walipoteza macho kabla ya miaka hamsini. Jana hakwenda kazini. Alikwenda kupimwa, akakaa foleni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kwenye foleni alilia.

Hapo niliona aibu. Si ya kuonekana na watu. Aibu yenyewe. Nikamwambia nisamehe, bila karatasi.

Akasema amenisamehe. Alikuwa hajauachia mkono wangu.

Bi Mahfudha naye akasema amenisamehe, na wote wanisamehe, na akaomba Mungu anisamehe. Kisha akamwambia Fadhiya akae kwenye kompyuta yangu. Watamvamia Joka na tabibu mmoja.

Nikamkumbusha kwamba amenisamehe sasa hivi, mbele ya mashahidi.

"Radhi nimekupa, mwanangu," akasema. "Kiti sikukupa."

Nikakaa kwenye stuli karibu na mlango. Mwikali alikuwa amekwisha kuisogeza mistari yake pembeni, midogo, kama njiti za kibiriti, kwa mkono wake mwenyewe. Joka akaanguka jaribio la tatu, robo saa kabla ya magharibi. Chumba kizima kikapiga kelele. Nami nilipiga kelele, nikaruka, nikamkumbatia mtu ninayemjua kwa jina la mchezoni tu. Kisha nikakumbuka nimesimama wapi, nikakaa tena kwenye stuli.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vizuri, jambo la ajabu. Nimeamka kichwa chepesi na nimelichambua suala lote kwa utulivu.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Nilitenda kwanza, radhi nikaitaka baadaye, tena mbele ya watu, tena kwa maandishi. Ndiyo sababu wiki nzima sikupata usingizi. Mtu akitaka radhi mapema, kabla hajafanya lolote, anatenda na moyo mweupe. Ile radhi yao inafunika la kujua na la kutojua. Hakuna aliyesema haifuniki la wiki ijayo.

Bi Mahfudha ametangaza Joka mwingine, mkubwa zaidi, mwezi wa Septemba. Huyo anahitaji matabibu wawili. Viti viwili, na kimoja ni cha Mwikali! Na Fadhiya, nimesikia, ameanza kuulizia nguo za tabibu.

Sikupoteza wakati. Nimemwandikia ujumbe sasa hivi, wa heshima: Assalaam alaikum dada Fadhiya, nakutaka radhi kwa nililokukosea.

Amejibu papo hapo. Anauliza, kwani nimemkosea nini?

Sijamjibu. Bado sijaamua.